Boga, Zimwi na Mtoto wa Darasa la Tatu

 

Juzi nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya darasa la tatu, mikono imejaa utelezi wa boga hadi kwenye viwiko. Mimi ni mkalimani wa shule hapa Louisville, jimbo la Kentucky. Kazi yangu ni kukaa kati ya mwalimu Mmarekani na watoto wanaotoka kwenye nyumba za Kiswahili, nao si haba: Wakongo wengi, Warundi, Wasomali waliokulia kambi za wakimbizi za Kenya, na Watanzania wachache kama mimi niliyetoka Korogwe. Pembeni yangu mtoto wa miaka 8, mzaliwa wa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, alikuwa akikomba nyuzi za boga kwa kijiko. Alipoona mwalimu anasukumia nyama ya boga kwenye ndoo ya taka akanivuta mkono wa gauni.

"Bibi, hii hawali?"

Nikamwambia hapana, hili ni la kuchonga. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi.

"Na majani yake wameyapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mtoto huyo amekulia nyumba ambamo boga ni chakula kuanzia majani mpaka mbegu, na leo anafundishwa kulitoboa macho na kulitia mshumaa tumboni. Ndiyo habari ya Oktoba katika shule za Marekani, na ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, maana simu za wazazi zimeanza kuita. Barua imeletwa nyumbani, ina picha ya popo na mifupa, mzazi haelewi kama mwanawe anafundishwa hesabu au uchawi.

Tuanze na siku yenyewe, kwa ufupi. Tarehe 31 Oktoba Wamarekani huiita Halloween. Jina hilo ni mkato wa maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ile ile ambayo Wakatoliki wetu huenda misa tarehe 1 Novemba, kabla ya kuwaombea marehemu tarehe 2. Chini yake kuna mila kongwe zaidi ya Waselti wa Ayalandi, iitwayo Samhain, ya kufunga mavuno na kuupokea msimu wa giza. Waliamini kwamba usiku huo pazia kati ya walio hai na wafu huwa jepesi. Waayalandi walikuwa wakichonga taa kwenye tanipu, mzizi mgumu wa jamii ya kabichi. Njaa ya viazi ilipowapiga kuanzia 1845, maelfu kwa maelfu wakavuka bahari, wakakuta huku kuna boga, kubwa na laini kwa kisu. Tanipu ikasahauliwa.

Na majira yenyewe nayo yana mkanganyiko wake. Kwetu Korogwe ukisema vuli, mkulima anatafuta jembe, maana ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Vitabu vya jiografia vikaliazima neno hilo hilo kwa majira ambayo huku majani hugeuka rangi na kupukutika. Kwa hiyo mtoto wetu akisikia "sherehe ya vuli" hajui achukue jembe au reki.

Haya, turudi kwenye boga, maana humo ndimo ilimo elimu.

Kabla ya kisu kugusa kitu, mwalimu yule aliwapa watoto uzi na mkasi. Kila mmoja akate kipande anachodhani kitalizunguka boga mara moja tu, bila kuligusa. Karibu wote walikata kifupi. Jicho la binadamu hudanganywa na duara. Huona upana, halafu husahau kwamba mzunguko ni upana huo mara tatu na zaidi kidogo. Mtoto wa Nyarugusu yeye alizungusha uzi kwenye kichwa chake kwanza, akalitazama boga, akakadiria kwamba ni vichwa viwili na kitu, ndipo akakata. Alikosea kwa upana wa vidole vitatu. Mwalimu hakumpa peremende. Alimwita mbele awaeleze wenzake alivyofikiri, nami nikatafsiri, na nakuhakikishia msikilizaji, kwa mtoto aliyekaa miezi miwili bila kufungua mdomo darasani, ile ilikuwa zawadi.

Likaja swali la pili: boga hili la ratili 13, tukilitia kwenye beseni la maji litazama au litaelea? Darasa zima likapiga kelele kwamba litazama, zito lile. Likaelea. Halafu wakakata kifuniko, wakatia mkono ndani, wakakuta uwazi. Hewa. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa ubaoni maana ya msongamano, walikuwa wameushika.

Kisha mbegu. Kila mtoto alikuwa ameandika makisio yake kwenye karatasi. Mmoja aliandika 50, mwingine milioni moja. Wakazitoa, wakazipanga kumi kumi kwenye vikombe vya karatasi, vikombe kumi vikafanya safu moja ya mia. Zilipatikana 412. Walimu wengi wa hapa husoma kabla ya zoezi hilo kitabu cha watoto cha Margaret McNamara cha 2007, ambamo darasa linahesabu mbegu za maboga matatu na lile dogo kabisa linakutwa na mbegu nyingi kuliko yote. Watoto hukasirika kidogo, maana wamezoea kwamba kikubwa ndicho chenye vingi. Hasira hiyo ni mwanzo mzuri wa sayansi.

Nilimwambia mwalimu kwamba kwetu mbegu hizo hazitupwi. Akacheka, akanipa zote. Kesho yake nilizirudisha zimekaangwa na chumvi, zikaliwa zikaisha. Boga la kuchonga, kwa kweli, halina ladha ya maana. Lina maji na nyuzi, limekuzwa kwa ajili ya sura. Yale ya kuliwa, yanayotiwa kwenye makopo, ni aina nyingine, na mengi hulimwa jimbo la Illinois, kuzunguka mji wa Morton unaojiita mji mkuu wa maboga duniani. Hilo nalo niliomba watoto waambiwe, wasije wakadhani Mmarekani hajui kula boga. Anakula, ila hulitia sukari.

Boga lenyewe halikuisha hapo. Nusu yake ilitiwa kwenye chombo cha kioo, ikafunikwa udongo kidogo, ikawekwa dirishani. Kila Ijumaa watoto watachora wanachokiona. Juma la kwanza madoa meusi, la pili manyoya meupe ya kuvu, kisha linajikunja kama uso wa kikongwe, linaanza kurudi udongoni. Sisi tunaoweka mboji shambani hatushangai. Lakini mtoto wa mjini aliyezoea kwamba kitu kikiharibika kinabebwa na gari la taka, anauona hapo uozo ukifanya kazi yake. Na mbegu moja ikisahauliwa humo, huchipua.

Sasa niseme lililoniuma.

Miaka michache iliyopita, katika shule ambayo sitaitaja, walining'iniza kiunzi cha mifupa cha plastiki kwenye mlango wa darasa. Kirefu kama mtu mzima, kimevikwa kofia, cha kuchekesha. Asubuhi hiyo niliitwa mbio. Msichana mmoja, aliyekimbia na mama yake kutoka upande wa Fizi, mashariki mwa Kongo, amekataa kuingia, hasemi lolote, ameshika ukuta. Nikachuchumaa, nikamsemesha pole pole. Hakuwa analia. Alinyoosha kidole akaniuliza kwa sauti ndogo: "Huyu alikuwa nani?"

Msikilizaji, mtoto yule hakuwa akiogopa mzimu. Alidhani ni mtu. Alikotoka, mifupa ilikuwa na wenyewe.

Mwalimu, Mungu ambariki, alikishusha kile kitu papo hapo, hakubishana. Na hakukitupa. Baada ya siku nne, kwa ridhaa ya mama, alikilaza mezani mbele ya watoto bila kofia. Akasema: hiki kimetengenezwa kiwandani, tazameni skrubu. Wakazitazama skrubu. Kisha wakaanza kuhesabu na kuandika majina kwenye vikaratasi vya kubandika, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili: fuvu, taya, mtulinga, mbavu, kiuno, paja, goti. Msichana yule ndiye aliyebandika mbavu, jozi 12, huku akijipapasa ubavuni kila anapobandika. Wakajifunza kwamba mtu mzima ana mifupa 206, na kwamba mtoto mchanga huzaliwa na vipande karibu 300, ambavyo vingine huungana kadiri anavyokua. Akaja kuniambia: "Bibi, mimi ninayo mingi kuliko wewe." Ni kweli.

Hapo ndipo nilipopata msimamo wangu juu ya jambo hili. Woga darasani ni kama kisu cha kuchongea boga: mtoto akishika mpini anajifunza, akishikishwa makali anaumia. Kinyago kilichoning'inizwa bila neno ni makali. Kikilazwa mezani na kufunguliwa, mtoto ndiye mwenye mpini.

Kuna pia kosa la upande wa pili, dogo lakini limeenea. Ni ile karatasi ya mazoezi ya kujumlisha, ya kila siku, iliyobandikwa picha ya buibui kwenye kona ili iitwe ya sikukuu. Saba na tano ni kumi na mbili, buibui awepo asiwepo. Ukimtaka buibui, mlete kazini: ana miguu 8, mdudu ana 6, basi buibui watatu na nzi wanne wana miguu mingapi mezani? Hapo amestahili nafasi yake. Kupanga peremende kwa rangi na kuchora grafu pia ni sawa, ingawa nimeona grafu nyingi zikikosa safu moja kwa sababu data imeliwa.

Mnyama ninayempenda zaidi katika mwezi huu ni popo, na hapo nina upendeleo, sikatai. Kuna mchezo mmoja: mtoto anafungwa kitambaa machoni, anakuwa popo, wengine wawili watatu ni nondo. Wenzao wanashikana mikono kuwazunguka. Popo anaita "Popo!", na kila nondo lazima ajibu "Nondo!" Kwa kufuata majibu hayo anawawinda. Dakika tano tu, na wameelewa jinsi popo wala wadudu wanavyorusha sauti tusiyoisikia na kusikiliza mwangwi wake. Kisha mwalimu anawaonyesha Texas, pango la Bracken, ambamo kila kiangazi hukaa popo zaidi ya milioni 15.

Nami huomba dakika mbili za kwetu. Nawaambia kwamba mwezi huu huu wa Oktoba mamilioni ya popo wala matunda wanaanza kumiminika kwenye kipande kidogo cha msitu wa Kasanka, Zambia, wengi wakitokea misitu ya Kongo. Watoto wa Kongo hukaa wima wakisikia hivyo. Halafu nawapeleka Pemba. Mwaka 1995 kisiwa hicho kilishikwa na hofu ya jini aitwaye Popobawa hata watu wakalala nje kwa makundi. Habari zake nyingine si za watoto, nami siwaambii. Ninachowaambia ni kwamba kisiwa hicho hicho kina popo mkubwa asiyepatikana kokote pengine duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache tu, kwa kuwindwa na kwa misitu kukatwa. Wanakijiji, kama wale wa Kidike, wakaamua kumlinda kwenye miti yao wenyewe, na leo wanahesabiwa zaidi ya 20,000. Nawauliza watoto: kati ya hawa wawili, yupi aliyekuwa hatarini kwa mwenzake, mtu au popo? Wanabishana mpaka kengele.

Kwa wakubwa wa sekondari mambo huwa mengine. Walimu wa fasihi huwatolea Edgar Allan Poe na hadithi yake ya 1843 ya moyo unaodunda chini ya sakafu, wakafundisha jinsi ya kumshuku msimuliaji. Lakini somo ninalolitamani mimi, mtu wa maikrofoni, ni la tarehe 30 Oktoba 1938. Jumapili hiyo usiku kijana wa miaka 23, Orson Welles, alirusha kwenye redio ya CBS mchezo uliotokana na riwaya ya H. G. Wells ya 1898 juu ya viumbe wa Mirihi kuivamia dunia. Ulitungwa kama taarifa ya habari: muziki unakatizwa, mtangazaji anahema, vitu vimeanguka Grover's Mill, New Jersey. Mwanzoni ilitangazwa kwamba ni mchezo; aliyefungulia redio kwa kuchelewa hakusikia. Asubuhi magazeti yakaandika kwamba taifa zima limeingiwa na kiwewe.

Utamu uko hapo. Watafiti wa baadaye wamechambua wakaona waliobabaika walikuwepo, ila kiwewe cha taifa zima kilitiwa chumvi na magazeti, ambayo wakati huo redio ilikuwa ikiyapokonya matangazo ya biashara. Kwa hiyo kijana wa leo, mwenye simu mkononi, anasikilizishwa mchezo, anasomeshwa magazeti ya siku iliyofuata, kisha anaulizwa: ni nani hasa aliyekutisha, na alipata faida gani? Sijui somo la uraia linalolipita hilo.

Sasa wazazi wenzangu. Najua baadhi yenu hamtaki kuisikia siku hii. Mchungaji amesema, au sheikh amesema, au wewe mwenyewe roho haikubali. Ni haki yako, na shule nyingi zinalijua hilo. Zipo zilizoacha kabisa mavazi ya kutisha zikafanya sherehe ya mavuno, au siku ya kuvaa kama mhusika wa kitabu. Tena kuna suala la pesa: si kila nyumba ina dola za kununua vazi la usiku mmoja. Ukimzuia mtoto, mzuie kwa heshima, mwandikie mwalimu kabla ya siku. Ila usimkoseshe boga. Boga halina dini. Omba mwanao apime, ahesabu, azamishe, aeleze, bila kinyago.

Na usiku wa kupita nyumba kwa nyumba wakidai pipi, la sivyo mwenye nyumba afanyiwe kituko, kuna watoto waliowahi kuugeuza. Mwaka 1950, Philadelphia, walianza kukusanya sarafu badala ya pipi kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine kupitia UNICEF, na visanduku vyake vya rangi ya chungwa vinatumika hadi leo. Somo la hesabu ya pesa liko tayari ndani ya kisanduku. Wapo wasikilizaji wangu waliosoma kambini chini ya turubai lenye jina hilo la UNICEF. Sarafu zile zilianza safari hapo.

Mwaka jana mwalimu ninayemkalimania darasa la tatu aliniuliza: je, kwenu hamna hadithi za kutisha? Nilicheka mpaka nikaona haya. Mimi niliyelala ubavuni mwa bibi nikiogopa kwenda msalani! Nikawafundisha kwanza kuitikia. Nikisema "Paukwa", wao "Pakawa". Watoto 24, Wamarekani weusi kwa weupe, Wavietinamu, Wakongo, wakaitikia hadi darasa la jirani likafungua mlango. Nikawapa ile ya msichana aliyesahau kombe lake ufukweni, akarudi peke yake, zimwi likamtia ndani ya ngoma, likawa linapita vijijini linaipiga na yeye anaimba humo ndani, mpaka likafika nyumbani kwao na mama akaijua sauti.

Nikanyamaza hapo. Mwalimu akawaambia waandike mwisho. Mmoja akauliza ngoma ilikuwa na kipenyo gani, maana msichana lazima aenee. Tukachukua uzi kama ule wa boga, tukapima mtoto aliyejikunja, tukachora ngoma sakafuni kwa chaki. Watoto wetu, ambao nyumbani walikuwa wakisinzia hadithi hiyo ikianza, siku hiyo ndio waliokuwa mabingwa wa kusahihisha wenzao namna zimwi linavyotembea.

Basi barua ya shule ikifika nyumbani mwezi huu, usiishie kwenye picha ya popo. Isome, au tafuta wa kukusomea, mpaka chini kabisa. Mara nyingi kuna mstari unaouliza kama mzazi anaweza kuja darasani kusaidia kwa saa moja. Andika ndiyo. Waulize kama wanatupa mbegu. Na uende na zimwi lako.